Je, Wajua? Chura Aliyelidai Bwawa Maji Yake

Sogea kidogo kwenye benchi, ndugu yangu. Wewe wa Kamukuzi, Mbarara, na wewe mama uliyepanda gari alfajiri kutoka Nakivale, kaeni hapa. Leo ni zamu ya umeme, mafuta, gesi na kuni, pamoja na zile kanuni ambazo wenye fedha huziulizia kabla ya kufungua mkoba: usiharibu mazingira, usimwonee mtu, usile rushwa. Maofisini huziita ESG. Sisi tutazifuata kwa maajabu yake. Uko tayari? Twende!

HAPA HAPA KWETU

Je, wajua kwamba Nakivale ina umri mkubwa kuliko Uganda huru? Makazi haya ya wakimbizi yalianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi 1960. Uhuru ukaja 1962! Eneo lake ni kama kilomita za mraba 185, na wakazi wake wametoka nchi zaidi ya 10.

Na lile ziwa lako unalolizoea? Ardhi oevu ya Mburo na Nakivale iliingizwa katika orodha ya kimataifa ya Ramsar mwaka 2006. Atakayekuja kuchimba, kujenga au kusimamisha nguzo pale atatazamwa na dunia nzima.

Umewahi kusikia kituo kimoja cha umeme kikizinduliwa na marais wawili? Kipo Kikagati, wilaya ya Isingiro, wilaya ile ile ya Nakivale! Kinatoa megawati 14 kutoka Mto Kagera, na ng'ambo ya mto ni Murongo, Tanzania. Mei 2023 Rais Museveni na Rais Samia Suluhu Hassan walikizindua pamoja, na umeme wake nchi hizo mbili hugawana nusu kwa nusu.

Subiri, Kikagati hakijaisha. Kilisaidiwa na GET FiT, mpango ulioanza Uganda mwaka 2013 ili kuinua vituo vidogo vya umeme. Aliyetaka fedha zake ilibidi afuate viwango vya mazingira na jamii vya IFC, tawi la Benki ya Dunia linaloshughulika na kampuni binafsi.

Viwango hivyo vya IFC ni vingapi? Vinane tu! Vinagusa tathmini ya athari, wafanyakazi, uchafuzi, afya na usalama wa majirani, ardhi na kuhamishwa, viumbe hai, watu wa asili, na urithi wa utamaduni. Vilitoka 2006, vikafanyiwa marekebisho 2012.

Hicho cha nane kitazame vizuri, mtu wa Kamukuzi. Siku kampuni yenye fedha za IFC ikitaka kupitisha nyaya karibu na kilima cha ikulu ya Omugabe wa Ankole, itabidi kwanza izungumze na wanaokiheshimu kilima hicho. Urithi wa utamaduni una uzito sawa na saruji!

Ukipanda basi la Kampala kwenda Mbarara unaruka mstari wa Ikweta pale Kayabwe. Na je, wajua kwamba mabenki makubwa ya dunia yana mkataba uitwao Kanuni za Ikweta? Ulianza Juni 2003 na mabenki 10, leo taasisi zilizotia sahihi zimepita 100. Mradi ukigharimu dola milioni 10 au zaidi, kabla ya mkopo hupangwa daraja A, B au C kwa ukubwa wa madhara yake.

Mto Kagera haujamaliza kushangaza. Kule Rusumo una kituo cha megawati 80 kinachomilikiwa na nchi tatu: Rwanda, Burundi na Tanzania. Ukikaa Nakivale, jirani zako wa kulia na kushoto huenda wote wametoka kando ya mto huo!

Soroti nako? Desemba 2016 kilizinduliwa kituo cha sola cha megawati 10 chenye paneli 32,680. Hicho pia kilipitia GET FiT, na jua lake huingia moja kwa moja kwenye gridi ya taifa.

Watafiti walifika hadi vijiji vya Mbarara kupima masizi ndani ya nyumba! Walilinganisha wanawake waliopewa taa za sola na wale waliobaki na tadoba la mafuta ya taa. Wenye sola walivuta masizi machache sana. Zilibadilishwa taa tu, kifua kikapata nafuu!

Haya, kisia: familia ngapi Uganda hupika kwa kuni au mkaa? Zaidi ya 9 katika kila 10! Wakati huohuo mitambo ya umeme nchini imepita megawati 2,000, tangu bwawa la Karuma la megawati 600 lilipozinduliwa Septemba 2024. Umeme upo, moshi nao upo.

Ndiyo maana mwaka 2022 kulikuja bei ya umeme wa kupikia. Ukishavuka yuniti 80 kwenye mita yako ya Yaka, kuanzia ya 81 hadi ya 150 kila yuniti ilishuka hadi shilingi 412, wakati bei ya kawaida ya nyumbani ilizidi 700. Ukitumia zaidi unalipa nafuu: hapo umewahi kuona duka la namna hiyo?

Mei 2023 Rais Museveni alipiga marufuku biashara ya mkaa kaskazini mwa Uganda kwa amri maalumu. Maeneo ya Acholi, Lango, Teso na West Nile yalitajwa. Mti wa siagi ya shea ulikuwa miongoni mwa iliyokuwa ikiangushwa kwa wingi.

Na wakimbizi je, wamesahauliwa? Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha zaidi ya dola milioni 600 za kusambaza umeme Uganda, na wilaya zinazohifadhi wakimbizi zimo ndani. Hilo limeandikwa kwenye mradi wenyewe, ndugu yangu, kwa hiyo una haki ya kuuliza limefika wapi.

Kambi ya wakimbizi inaweza kuwashwa kwa jua? Imeshawashwa! Azraq, nchini Jordan, ilipata kituo chake cha sola Mei 2017, ikawa kambi ya kwanza duniani kupata umeme wa namna hiyo. Jangwa lililokuwa tatizo likageuka mtambo.

WANYAMA, MITO NA MOSHI

Sasa shika benchi. Mwaka 1996, kwenye korongo la Kihansi nchini Tanzania, waligunduliwa vyura wa manjano wasiozidi sentimita 3. Makao yao yote duniani yalikuwa kama hekta 2 tu, zilizoloweshwa na manyunyu ya maporomoko. Na hawatagi mayai: huzaa vyura wadogo walio tayari!

Kisha likaja bwawa la Kihansi la megawati 180, lililojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Likachukua kama asilimia 90 ya maji ya mto, na manyunyu yakakauka. Mwaka 2000 vyura 499 walipandishwa ndege hadi bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Chura wa Kihansi akawa mkazi wa Marekani!

Unadhani yaliishia hapo? Korongoni yalitandazwa mabomba ya kunyunyiza maji juu ya majani, na bwawa likalazimika kuuachia mto sehemu ya maji yake. Mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kuwa ametoweka porini. Desemba 2012, wajukuu wa wale wa New York wakarudishwa Kihansi!

Kenya, Juni 2016: tumbili mmoja alianguka juu ya transfoma katika kituo cha Gitaru. Zikapotea megawati 180, na nchi nzima ikaingia gizani. Tumbili mwenyewe? Alipona, akachukuliwa na shirika la wanyamapori. Tangu siku hiyo, ukisikia uzio wa kuzuia wanyama, usicheke.

Huko Kajiado, kwenye mitambo 60 ya upepo ya Kipeto, kuna watu ambao kazi yao ni kutazama angani. Wakiona tai anasogea, huagiza mtambo usimame! Tai akipita, mapanga yanaendelea kuzunguka. Ndiyo, kuna mtu hulipwa mshahara kwa kumpisha ndege.

Aprili 2020 Uganda nzima ilizimika kwa sababu ya kisiwa. Kisiwa! Kipande cha ardhi na majani kinachoelea juu ya Ziwa Viktoria kilisukumwa hadi Jinja kikaingia kwenye mitambo ya bwawa la Nalubaale. Mwezi uliofuata ziwa lilipanda hadi mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likaipita rekodi ya 1964.

Nalubaale hiyo hiyo, zamani Owen Falls, ilifunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili tarehe 29 Aprili 1954. Sheria ya mazingira ya Uganda, iliyozaa mamlaka ya NEMA, ilikuja 1995. Miaka 41 baadaye! Wakati wa kumwaga ile saruji, nani alimuuliza samaki?

Maporomoko yanaweza kuwekwa rehani? Mwaka 2007, ili bwawa la Bujagali la megawati 250 lipate fedha, Uganda iliahidi kuyalinda maporomoko ya jirani ya Kalagala. Kisha bwawa la Isimba la megawati 183 likaja kwenye mto uleule, na maji yake yakafunika sehemu ya eneo lililoahidiwa. Makubaliano ikabidi yaandikwe upya.

Wewe uliyetoka Rutshuru, hii ni yako. Mbuga ya Virunga nchini Kongo, iliyoanzishwa 1925 na kongwe kuliko zote Afrika, ina vituo vyake vya umeme wa maji. Cha Matebe hutoa megawati 13.8, na umeme wake umefika hadi Goma. Hifadhi ya sokwe inauza umeme!

Tena si kuuza tu. Tangu 2020 Virunga imetumia umeme wa ziada wa kituo chake cha Luviro kuchimba sarafu ya Bitcoin. Askari wa wanyamapori nje, kompyuta zinavuma ndani. Ungemwambia babu yako angekuuliza umekunywa nini.

Na mafuta ya Virunga yalikuwaje? Kampuni ya Uingereza ya SOCO ilikubali kuondoka mwaka 2014 baada ya kelele kutoka pembe zote za dunia. Mwaka 2022 serikali ya Kongo iliweka sokoni vitalu 27 vya mafuta na 3 vya gesi, baadhi vikigusa hifadhi. Oktoba 2024 mnada wa vitalu hivyo 27 vya mafuta ukafutwa.

Ziwa Kivu linalala juu ya hazina inayotisha: mita za ujazo bilioni 60 hivi za gesi ya methani zimeyeyuka ndani ya maji yake. Upande wa Rwanda, kituo cha KivuWatt huinyonya na kutoa megawati 26. Gesi inayoweza kuua watu inawasha taa, na kila inayotolewa inapunguza hatari iliyobaki chini!

Hatari hiyo si hadithi. Mwaka 1986 Ziwa Nyos la Kameruni lilitapika hewa ya ukaa usiku, na watu wapatao 1,700 hawakuamka. Ndiyo maana uchimbaji wa Kivu una masharti makali kuhusu kina cha kunyonya gesi na mahali pa kurudisha maji.

Umeme wa joto la ardhini Afrika ulianzia wapi? Wengi watakujibu Olkaria, Kenya. La! Ulianzia Kiabukwa, Katanga, mwaka 1952, kwa mtambo mdogo wa megawati 0.2. Wakongo, pigeni kifua!

Kwa sheria ya mafuta ya Uganda ya 2013, kuchoma gesi ovyo kisimani ni marufuku isipokuwa kwa dharura au kwa ruhusa maalumu. Duniani, mwaka 2023 pekee zilichomwa mita za ujazo bilioni 148 za gesi hivihivi, ziangaze mawingu. Hebu fikiria masufuria mangapi yangechemka!

WATU KWANZA

Mafuta ya Hoima yana tabia ya ajabu: yakipoa, huganda kama samli ya Ankole. Kwa hiyo bomba la EACOP limebuniwa lipashwe moto njia nzima ili mafuta yabaki nyuzi 50 na zaidi. Urefu wake ni kilomita 1,443, kutoka Kabaale hadi Chongoleani, Tanga. Duniani hakuna bomba la mafuta ghafi la kupashwa moto lililo refu kuliko hilo!

Na kati ya kilomita hizo, ngapi ziko Uganda, nchi yenye mafuta? 296 tu! Zilizobaki 1,147 ziko Tanzania. Kwenye njia hiyo kuna mashamba, mapito na makaburi, na wenye kudai haki zao humo katika nchi zote mbili ni zaidi ya 13,000.

Kaburi nalo lina haki? Lina! Viwango vya urithi wa utamaduni hutaka wenye kaburi washauriwe kabla halijaguswa. Fidia ya shamba ni jambo moja, heshima ya marehemu ni jingine.

Hata mizimu imewahi kuingia kwenye mahesabu. Kabla ya bwawa la Bujagali kujengwa, matambiko yalifanywa ili kuihamisha mizimu ya maporomoko yale. Suala hilo limo katika taarifa ya Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia, tena kwa uzito wote. Mhandisi na mganga meza moja!

Katiba ya Uganda, ibara ya 26, inasema fidia ilipwe mapema, iwe ya haki, na ilipwe kabla ya ardhi kuchukuliwa. Neno ni *kabla*, jirani. Likariri.

Kuna pia posho ya usumbufu. Sheria ya Ardhi ya Uganda huongeza asilimia 15 juu ya fidia. Ukipewa notisi ya kuhama ya chini ya miezi sita, inapanda hadi asilimia 30! Anayekuharakisha analipa mara mbili ya posho.

Je, mkulima wa Uganda anaweza kuishtaki kampuni ya mafuta mjini Paris? Imeshatokea! Ufaransa ina sheria ya mwaka 2017 inayozitaka kampuni zake kubwa ziangalie madhara ya kazi zao popote duniani. Kesi ya kwanza dhidi ya TotalEnergies ilifunguliwa 2019, na Februari 2023 mahakama ikaikataa kwa sababu za utaratibu. Miezi minne baadaye watu 26 wa Uganda walirudi na kesi mpya.

Lamu walifanya kubwa. Kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050 kilipangwa kujengwa Kwasasi, jirani na mji wa kale ulio kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001. Tarehe 26 Juni 2019 baraza la rufaa za mazingira la Kenya lilifuta leseni yake. Sababu mojawapo? Wananchi hawakushirikishwa ipasavyo!

Kinangop nako, mradi wa upepo wa megawati 60 ulikufa mwaka 2016 kabla ya panga moja kuzunguka. Wenyeji walikataa, ardhi ikawa mgogoro, wawekezaji wakafunga virago. Upepo ni safi, ndiyo, lakini jirani aliyepuuzwa haoni usafi wake.

Mradi wa Ziwa Turkana una mitambo 365 ya upepo, ukipenda mmoja kwa kila siku ya mwaka! Mitambo hiyo inatoa megawati 310. Ilikuwa tayari 2017, ikakaa ikingoja waya wa zaidi ya kilomita 400 uliochelewa hadi 2018. Na Oktoba 2021 mahakama ya Meru ilisema hati za ardhi yake hazikupatikana kwa utaratibu wa sheria.

Wamaasai wa Olkaria walihamishwa mwaka 2014 kupisha umeme wa joto la ardhini, wakapewa makazi mapya ya ekari 1,700. Hawakuridhika, wakaandika barua kwa Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Mwaka 2016 waliketi na kampuni ya umeme ya KenGen mbele ya wasuluhishi na kutia sahihi makubaliano. Kalamu ilifika mbali kuliko mkuki!

Bwawa la Inga lina waya unaokatisha Kongo kwa takriban kilomita 1,700 hadi migodi ya Katanga. Chini yake kuna vijiji vingi visivyo na taa hata moja. Umeme unapita juu ya kichwa, mama anawasha koroboi chini. Picha kama hiyo ndiyo inayofanya watu waulizie kanuni za jamii.

Fundi wa sola lazima awe na digrii? Nenda Kinyasini, Unguja! Kituo cha Barefoot kimekuwa kikiwafundisha wanawake wa vijijini, baadhi yao wasiojua kusoma, kufunga na kutengeneza mitambo ya sola tangu 2015. Wanajifunza kwa rangi, kwa mikono na kwa macho, kisha wanarudi kuwasha vijiji vyao.

Bidhaa na huduma za aina 16 katika sekta ya mafuta ya Uganda zimetengwa kwa kampuni za Waganda. Usafiri, ulinzi, chakula na malazi vimo. Anayepika ugali wa wachimbaji naye yumo kwenye biashara ya mafuta!

Mei 2024, Paris, kulikuwa na mkutano mkubwa wa nishati safi ya kupikia Afrika, na Rais Samia alikuwa mwenyekiti mwenza. Ziliahidiwa dola bilioni 2.2. Tanzania inataka asilimia 80 ya watu wake wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Hesabu miaka iliyobaki, kisha chungulia jikoni kwako.

FEDHA NA MIKONO SAFI

Hizi herufi ESG zina umri gani? Zilianza kuvuma na ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2004. Nakivale ilikuwa na miaka 46 tayari!

Agosti 2020 Uganda ilijiunga na EITI, umoja wa nchi zinazoahidi kutangaza hadharani fedha za mafuta na madini. Tanzania ilitangulia mwaka 2009. Kampuni hutangaza ilicholipa, serikali hutangaza ilichopokea, kisha hesabu mbili hukutanishwa. Zisipolingana, mtu ataulizwa!

Mrabaha wa mafuta Uganda hugawanywaje? Asilimia 6 huenda kwa serikali za mitaa za maeneo ya mafuta. Taasisi za kijadi zinazotambuliwa hupata asilimia 1 kutoka fungu la serikali kuu. Kenya wao wameandika kwenye sheria ya 2019 kwamba kutoka fungu la serikali la faida ya mafuta, kaunti ipate asilimia 20, na jamii ya pale pale kisimani ipate 5.

Je, wajua kwamba maafisa 42 wa Uganda waligawana zawadi ya shilingi bilioni 6? Nchi ilishinda kesi ya kodi ya dola milioni 434 dhidi ya kampuni ya Heritage, ndipo waliohusika wakapewa ahsante hiyo. Mwaka 2017 Bunge liliwaita wajieleze. Ahsante nayo ina utaratibu wake!

Mkataba wa umeme unaweza kumng'oa waziri mkuu? Februari 2008 Edward Lowassa alijiuzulu uwaziri mkuu wa Tanzania, baada ya kamati teule ya Bunge kutoa taarifa kuhusu mkataba wa umeme wa dharura na kampuni ya Richmond. Mitambo ya dharura ikazua dharura ya serikali.

Umeme, kampuni iliyosambaza umeme Uganda kwa miaka 20, ilimaliza mkataba wake tarehe 31 Machi 2025. Kesho yake kampuni ya serikali, UEDCL, ikashika nyaya. Serikali ililipa dola milioni 118 hivi za kuagana, Umeme ikadai 292. Kuachana hakujawahi kuwa rahisi!

Machi 2025 EACOP ilitangaza kupata fungu la kwanza la mikopo, baada ya mabenki kadhaa makubwa ya nchi za Magharibi kukaa pembeni. Miongoni mwa waliotoa ni Afreximbank, Stanbic ya Uganda na KCB ya Uganda. Akaunti yako iko benki gani, tena?

Soko la hisa la Nairobi lilitoa mwongozo wake wa ESG Novemba 2021. Kampuni zilizoorodheshwa zinatarajiwa kueleza moshi wao, wafanyakazi wao na bodi zao, si faida pekee. Mwenye hisa moja ana haki ya kusoma yote hayo sawa na mwenye milioni!

Raia wa Uganda akiomba taarifa iliyo mikononi mwa serikali, sheria ya 2005 inampa ofisa siku 21 za kujibu. Ishirini na moja! Ripoti ya athari za mazingira za mradi ulio kijijini kwako nayo ni taarifa.

LA MWISHO, SHIKA HILI

Wewe usiye raia je, na wewe usiye na wakili? Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia, lililoundwa 1993, hupokea malalamiko ya watu wawili au zaidi wanaoishi mahali mradi ulipo. Pasipoti haiulizwi! Malalamiko ya kwanza kabisa yalitoka Nepal mwaka 1994, kuhusu bwawa la Arun, na mwaka uliofuata Benki ikajitoa kwenye mradi.

Kwa miradi ya kampuni binafsi inayopewa fedha na IFC kuna ofisi nyingine, CAO, tangu 1999. Hutoi ada, huhitaji mwanasheria, na unaweza kuomba jina lako lifichwe. Eleza wewe ni nani, mradi ni upi, na unakudhuru vipi. Basi!

Kwa hiyo, ndugu yangu, wakija na ramani, nguzo na vigingi vyekundu, usinung'unike kisimani. Uliza viwango gani vinafuatwa, omba ripoti, hudhuria kikao, weka nakala ya kila karatasi unayotia sahihi. Na ukiona umeonewa, andika. Ofisi zote hizo mbili hupokea barua kwa lugha yoyote, na Kiswahili kimo.